Mama Klorini na Samaki wa Mdogo Wake

Kuna watu wachafu, kuna watu wasafi, halafu kuna Mama Klorini. Huyo alikuwa na daraja lake peke yake. Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, kumi ya mwisho akiwa msimamizi, na shuka yenye doa haikuwahi kupita mlangoni mwake ikarudi wodini. Jina hilo alibandikwa na wafuaji wenzake kwa utani, maana harufu ya dawa ilikuwa inafika kabla yake na inaondoka baada yake. Nyumbani kwake vijiko vilichemshwa, na mgeni akiinuka tu, kiti kilipanguswa kabla hajafika mlangoni. Wageni wenyewe walikuwa wachache.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, humpi samaki akutunzie. Lakini alipewa, na aliyempa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, tena kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Mdogo wake huyo alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Kwao walizaliwa wanne; wale wawili wa katikati hawakukaa, wakabaki yeye kifungua mimba na huyu kitindamimba, wamepishana miaka kumi na minne. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea. Alimlisha, akamsomesha, akamvalisha nguo zilizopigwa pasi mpaka soksi. Kijana alipopata kazi yake ya kwanza akabeba begi, akahama, na tangu hapo ikawa miaka kumi na moja ya kusalimiana misibani tu. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi una pa kuanzia kuusuluhisha. Yeye alimwamkia vizuri, shikamoo Dada, akaulizwa hali, akasema nzuri, akaangalia pembeni.

Halafu asubuhi moja akateleza kwenye bati lenye umande, akashuka ghorofa nzima bila ngazi. Nyonga ilivunjika, paja likavunjika. Alipoulizwa jina la ndugu wa karibu, alikaa kimya mpaka karani akadhani amezimia. Kisha akamtaja dada yake, akaongeza kwamba hakuna haja ya kupiga simu, yuko hapo chini anafua.

Mama Klorini alipanda ngazi mbili mbili, buti za mpira zikiwa bado miguuni. Alimkuta amelala chali, uso umepauka, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma. Hakuomba maji wala uji. Alitoa ufunguo chini ya mto, akaeleza taratibu kama mtu aliyekuwa akijirudia maneno hayo tangu alfajiri: nyumbani kwake kuna samaki wawili, wapewe chakula mara moja kwa siku, kila Jumamosi itolewe robo ya maji, yarudishwe yale yaliyokaa pipani siku mbili.

"Usiguse kitu kingine, Dada," alisema. "Nakuomba. Kitu kingine chochote."

Dada alisema sawa, akashuka na ufunguo kaukumbatia. Kwa mtu mwingine ule ulikuwa ufunguo wa mlango. Kwake yeye ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja mdogo wake kumwomba kitu. Alijiambia wazi, bila kujificha, kwamba akiiweza kazi hii amempata ndugu yake, na akiiharibu, basi tena, atazeeka peke yake na kuzikwa na wafuaji.

Sebule ya fundi haikuwa na kochi wala televisheni. Ilikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, juu ya meza ya chuma, na kifuniko chake kimewekewa matofali mawili. Matofali ya nini, alijua siku hiyo hiyo. Alipokifunua, dume liliruka kutoka majini, likamng'ata kidole mpaka damu ikatoka, likarudi chini na kumkodolea macho kama yeye ndiye mwenye makosa. Lilikuwa samaki refu, jembamba, toka kiwiko cha mtu mpaka ncha za vidole, lenye mstari mweusi ubavuni na mdomo mpana wa dharau. Jike lilikuwa fupi kidogo, limejificha kwenye bomba la udongo, limetoa pua tu.

Kila mchana, saa ya mapumziko, Mama Klorini alipanda wodini kutoa ripoti, na ndipo mdogo wake akaanza kuongea. Mtu ambaye manesi walisema hali wala hasemi, ukimtajia samaki anafunguka. Alimweleza kwamba hawa ni binamu wa perege, ukoo mmoja kabisa, ila wao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini na wamezaliwa na hasira zao. Dume alimwita Jemadari. Jemadari alikuwa ameshaua wake wawili, wa kwanza kwa alasiri moja, wa pili kwa siku tatu. Huyu wa tatu fundi alimpata kwa mkata vioo mmoja anayeitwa Profesa, yule yule aliyetengeneza tangi, na safari hii hakutaka haraka. Aliweka kizuizi cha plastiki chenye matundu katikati ya tangi, dume upande huu, jike upande ule, wakatazamana miezi minane. Siku tumbo la jike lilipoiva likawa jekundu, akatoa kizuizi, akakaa mbele ya kioo siku mbili na wavu mkononi, hali, haendi kazini. Jemadari hakumgusa. Profesa alikuwa amemwambia kwamba anampoteza yule jike bure, wakatukanana, wakanuniana mpaka leo. Lakini aliyekuwa sahihi ni yeye fundi. Samaki wa aina hii nchi nzima hawafiki kumi, alisema, na wawili waliokubaliana ni hawa tu. Miaka minne aliwangojea.

Dada alisikiliza akiwa amekaa ncha ya kiti. Alishangaa kwamba huyu mtoto ana subira ya namna hiyo na hakuwahi kumwonyesha hata chembe yake.

Wiki ya kwanza alifuata masharti. Wiki ya pili akafuata, ila roho ilikuwa inamuuma. Pembeni mwa tangi palikuwa na chujio, sanduku la plastiki lenye mota ndogo ya kuvuta maji na kuyapitisha kwenye sponji nne kabla hayajarudi kwa samaki. Siku moja alifunua kuchungulia tu. Lahaula! Sponji zilikuwa zimevaa utando wa kahawia, mzito, unaoteleza, wenye harufu ya mtaro. Alifunika upesi. Usiku hakulala vizuri. Maji yanapita kwenye uchafu ule halafu yanarudi kwa samaki, na samaki wako sebuleni, na sebuleni ndipo atakapolazwa mtu mwenye kidonda cha upasuaji chenye nyuzi kumi na nane. Daktari alikuwa ameshasema Jumatatu ya wiki ya nne anamruhusu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wewe pengine ungeacha, maana wewe ni mvivu kama mimi. Yeye alikuwa na vyeti viwili ukutani vya kuua vijidudu. Jumapili, siku nane kabla ya ruhusa hiyo, alifika na ndoo, glavu na chupa yake. Alizitoa zile sponji nne, akazilowesha kwenye klorini nusu saa, akazikamua, akazisuuza mara kumi, kumi kweli, mpaka hazinuki kitu na rangi yake ya bluu ikaonekana. Akasugua sanduku. Akasugua mabomba. Alipomaliza, maji yaling'aa hata ukadhani tangi ni tupu na samaki wanaelea hewani. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miaka.

Jumatatu alimwambia mdogo wake kwamba wako salama salimini. Sponji hakuzitaja, alitaka akija mwenyewe ashangae. Siku hiyo mgonjwa alimaliza sahani nzima. Akamwambia kwamba tumbo la jike likizidi wekundu basi wakati wowote watataga, na kwamba wazazi hawa, kwa ukatili wao wote, hulinda watoto wao pamoja, baba na mama, hawaachi kitu kisogee. Halafu akasema, akiangalia dari, kwamba amefurahi ni Dada anayewaangalia. Mama Klorini alirudi kwenye mashine zake akiwa haoni ngazi.

Jumanne samaki hawakula. Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliwakuta wamepanda juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema mbio, mashavu yamevimba na kuwa mekundu ndani. Alimnyooshea Jemadari kidole makusudi amng'ate. Jemadari hakukitazama.

Hapo akajua kwamba wanaumwa. Akafikiri kama alivyozoea kufikiri, kwamba mtu akiumwa ni uchafu, na uchafu dawa yake ni maji mengi. Pipa halikuwa na maji ya kutosha, akafungua bomba, akatoa nusu ya tangi na kujaza maji mabichi ya bomba pamoja na dawa yake yote. Ndani ya robo saa jike lilianza kuzunguka likigonga vioo. Maji yalikuwa masafi, ukiyatazama huoni tatizo lolote, na samaki walikuwa wanakufa ndani yake. Mchana alipanda wodini akasema wazima. Mdomo ulisema, mikono ikawa inakunja na kukunjua ncha ya shuka ya mgonjwa. Mdogo wake alimuuliza kama anaumwa, akajibu ni joto la mashine.

Alhamisi hakwenda kazini. Miaka ishirini na sita, hata alipougua malaria alikwenda, lakini Alhamisi ile alipiga simu, akasema hayupo, akakata. Kwenye kona ya tangi palikuwa na karatasi ndogo ya matangazo ya mkata vioo. Aliifuata anwani ile kwa pikipiki ya abiria, roho mkononi.

Profesa alikuwa mzee wa kama miaka sitini, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na nyuma ya duka lake la vioo alikuwa na chumba kizima cha matangi. Aliposikia ni dada yake fundi alinuna kwanza, akasema kama ametumwa kuomba msamaha amechelewa mwaka. Mama Klorini akamwambia hakutumwa na mtu. Akamweleza jinsi wanavyohema. Mzee akashusha kisu cha kukatia vioo mezani.

"Uliosha chujio?"

"Nilisafisha."

"Kwa dawa gani, mama?"

"Kwa klorini."

Profesa alivuta stuli, akakaa. Hakumpigia kelele, na bora angempigia. Alimweleza polepole kwamba samaki anakojoa humo humo anamopumua, na mkojo ule ni sumu, na ingemuua ndani ya siku mbili kama si vijidudu. Vijidudu vile haviji na maji, vinaishi kwenye ule utando wa kahawia, vinakula sumu saa ishirini na nne. Inachukua zaidi ya mwezi kuvikuza. Fundi alikuwa na vya miaka mitano. Ule uchafu, mama, ndio uliokuwa unawaweka hai.

 Maisha yote ya Mama Klorini yalikuwa yamesimama juu ya jambo moja, na mzee wa miwani miwili ameliondoa kama mtu anavyovuta kitambaa cha meza. Alitaka kubisha. Alitaka kutaja vyeti vyake. Badala yake akajikaza kisabuni, akavuka kizingiti cha kile chumba cha matangi, akaonyesha chujio kuukuu lililokuwa likitiririka kwenye kona.

"Naomba uchafu wako," alisema. "Nipe uchafu wowote ulio nao."

Mzee alimtazama, kisha akatoa sponji mbili za tangi lake la zamani kuliko yote, zinateleza, zinanuka mtaro ule ule. Akaonya zisikauke wala zisiguse maji ya bomba. Chombo cha kuzibebea hakikuwepo ila bakuli la chakula cha mchana la Mama Klorini mwenyewe, lile lililokuwa likichemshwa kila jioni. Alimwaga wali nje, akaziweka humo na maji yake. Profesa akampa na chupa ya matone ya kuua klorini ya bomba, na agizo la mwisho: arudishe kizuizi katikati, maana jike akilegea, Jemadari anaweza kummaliza. Njiani bakuli lilivuja. Maji ya kahawia yalimchuruzika mapajani, sketi ikaloa, na dereva wa pikipiki akawa anaendesha amegeuza pua upande. Mama Klorini alilikumbatia bakuli lile kifuani mwendo mzima.

Alizipachika sponji, akashusha kizuizi, akaanza kubeba ndoo. Kila saa alitoa maji kidogo, akaweka mengine yenye matone. Alibeba mpaka jioni, mgongo unalia, na kila akiinama juu ya tangi, jambo alilolikwepa miaka ishirini na moja lilikuwa linamsogelea.

Mama yao alikufa kwa kifua kikuu. Mdogo wake alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko shuleni kwenye mtihani siku maiti ilipotolewa. Dada alikuwa na miaka mitano kazini, anajua ugonjwa unavyokaa kwenye nguo, na alikuwa na hofu moja tu, kwamba huyu mtoto naye ataanza kukohoa. Basi hakungoja. Godoro alilichoma. Mito aliichoma. Nguo zote za marehemu, kanzu, shuka, mpaka kitambaa cha kichwani, alizitumbukiza kwenye pipa la klorini. Mtoto aliporudi jioni alipita chumbani, akapita uani, akakivuta kile kitambaa kutoka kwenye kamba ya kuanikia, akakiweka puani. Akakaa nacho puani muda mrefu. Hakikunuka mama, kilinuka hospitali. Akakirudisha kambani, akabana na kibanio vizuri, na hakulia, wala hakumuuliza dada yake kitu, siku hiyo wala siku nyingine. Dada alijiambia ni mtoto, atasahau. Alijua wakati ule ule kwamba anajidanganya.

Ijumaa asubuhi jike lilikuwa limekufa. Lilikuwa chini, ubavu umeegemea kizuizi, tumbo lililokuwa jekundu limekuwa kijivu. Upande wa pili Jemadari alikuwa hai, amebandika mdomo kwenye matundu mahali pale pale alipolala mke wake, anahema, lakini anahema polepole. Mama Klorini alishusha mkono bila glavu, akalitoa. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na lilianza kutoa harufu. Kwenye mkono wa kushoto tayari alikuwa ameshika mfuko wa taka. Hakujua hata ameuchukua saa ngapi. Alisimama hivyo, samaki mkono huu, mfuko mkono ule, akalia kwa sauti, mtu mzima, kwenye sebule ya watu.

Aliyempigia simu mchana alikuwa Profesa, kuulizia. Aliposikia, akasema kuna njia. Anaye jike mwingine, ndugu wa yule aliyekufa, walizaliwa siku moja, hata doa la mkiani linafanana. Atamleta Jumapili, atamweka upande wa pili wa kizuizi, na fundi akirudi Jumatatu na magongo yake hatatambua. Kwamba jike haliko karibu na dume, waseme waliogopa wakatenganisha. Mzee alisema kwa nia njema kabisa; sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkumbuka rafiki aliyenuniana naye.

Ni uongo kusema hakutamani. Alitamani mpaka mate yakamjaa. Alipiga hesabu yote: Jumatatu mdogo wake anaingia, anakuta samaki wawili, anasema asante Dada, Jumapili inayofuata anakuja kula kwake, maisha yanaendelea. Nani angeumia? Alimwambia Profesa kwamba atamjibu, akakata, akakaa sakafuni akiegemea meza ya chuma. Halafu akaona jinsi itakavyokuwa. Itakuwa tena ni yeye aliyefika kwanza, akaondoa kila kitu, akapanga vizuri, na mdogo wake amekuja amekuta pasafi. Akampigia mzee, akasema hapana, na ahsante.

Jumamosi saa ya kuona wagonjwa alimkuta amekaa kitandani, amenyoa ndevu, magongo mapya yameegemea ukuta. Alikuwa ametembea hatua kumi na mbili asubuhi ile na alitaka kumwonyesha. Mama Klorini alimwomba akae. Yeye mwenyewe hakukaa.

"Niliosha sponji," alisema. "Uliniambia nisiguse, nikagusa. Nilizitia klorini. Mke wa Jemadari amekufa jana."

Uso wa mdogo wake ulifunga, ule ule uliofunga akiwa na miaka kumi na mitatu, na akaugeuzia ukutani. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya anatafuta kandambili zake. Mama Klorini alijua kwamba akinyamaza sasa amekwisha, kwa hiyo hakunyamaza. Alimwambia ule mgongo kwamba na vitu vya mama vilevile. Aliogopa atakohoa. Kila usiku alikuwa anaamka kusikiliza anavyopumua. Lakini angeweza kumngojea atoke mtihanini, angeweza kumwachia hata kitambaa kimoja kwenye mfuko uliofungwa, na hakumwachia kwa sababu hakufikiri kwamba kuna kitu pale cha kuachwa. Aliona uchafu tu. Miaka ishirini na moja alikuwa anataka kusema hivyo na hakujua aanzie wapi.

Nesi akapita na toroli la dawa, akarudi nalo.

"Jemadari?" aliuliza mdogo wake, bado anaangalia ukuta.

"Anapumua. Leo amening'ata."



"Na yule mwingine umemtupa wapi?"

"Sijamtupa. Yuko nyumbani kwangu, ndani ya friza."

Aligeuka. Aligeuka mwili mzima, na nyonga ile ikamuuma mpaka akakunja uso, lakini aligeuka. Friza ya dada yake aliijua. Ilikuwa friza ambayo nyama iliingia ikiwa imefungwa mara mbili, na yai likipasuka humo vyote vilitolewa na kuoshwa.

"Umemwosha?"

"Hapana," alisema Mama Klorini. "Sikumwosha. Nimemweka vile vile alivyotoka, na harufu yake."

Mdogo wake alifunika macho kwa mkono. Mabega yalianza kumtikisika, machozi yakapita katikati ya vidole yakashuka shingoni na kulowesha shuka, shuka ambayo dada yake ndiye aliyeifua. Yeye alisimama pale pale, hakujua amguse au asimguse. Alibaki hivyo mpaka kengele ya kutoa wageni ikapigwa, na wageni wengine wakaanza kukusanya vyombo vyao.

"Sijakusamehe, Dada," alisema mdogo wake. Alijipangusa kwa kiganja. "Lakini Jumatatu wakiniruhusu, tupitie kwako kwanza. Nataka kumwona."